Shangazi, kazi yangu ikifika kwa mwalimu inageuka fujo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama mtu mzima niliyerudi darasani baada ya kukaa nje ya masomo kwa miaka mingi. Nasoma kozi ya jioni ambayo alama zake nyingi zinatokana na kazi za kuandika. Tunaandika nyumbani, tunatuma kwa barua pepe, na mwalimu anasahihisha ndani ya faili lilelile kisha analirudisha likiwa na maoni yake pembeni. Mwongozo wa kozi una mstari mmoja tu kuhusu jambo linaloninyima usingizi: "Kazi zote ziletwe katika fomati ya .docx na zisizidi kurasa nane." Wenzangu waliusoma wakapita. Mimi nilikwama hapo, kwa sababu kompyuta yangu haina Microsoft Word.

Kompyuta hii nilipewa na kaka yangu. Ni laptopu ya siku nyingi, ilikuwa imechoka hata kuwaka ilikuwa kazi. Kaka akaifuta yote, akaweka Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, akakaa nami jioni baada ya jioni mpaka nikaweza kuandika, kupanga na kuhifadhi bila kumwita. Tangu hapo haijanisumbua. Kwa kuwa LibreOffice inaweza kuhifadhi .docx, ndivyo nilivyofanya tangu kazi ya kwanza. Kazi za mwanzo zilikuwa maneno matupu, zikafika salama.

Balaa lilianza kwenye kazi yenye jedwali. Kwangu ilikuwa kurasa nane kamili, herufi za Calibri kama kiolezo cha kozi kinavyotaka, jedwali limekaa kulia ndani ya fremu na maandishi yakilizunguka. Iliporudi, Shangazi, sikuitambua. Jedwali lilikuwa limepanda juu ya aya, safu yake ya mwisho imetokeza nje ya ukurasa, namba za vichwa zimeanza upya katikati, na kazi nzima imeingia ukurasa wa tisa. Mwalimu alikuwa ameandika: "Umezidi kurasa. Mpangilio ni fujo. Mjali msomaji wako." Alama zikakatwa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniuma, maana kama kuna kitu nilichokuwa nimekijali ni huo mpangilio.

Kazi iliyofuata, mwenzangu mmoja alinionea huruma. Alinakili maandishi yangu yote, akayabandika kwenye hati mpya katika kompyuta yake yenye Word, akaninyooshea, nikatuma. Ilionekana safi. Lakini mwalimu aliniuliza kwa nini faili linaonyesha kuwa mwandishi ni mtu mwingine. Nikamweleza kwamba nilisaidiwa kupanga tu. Akajibu "sawa". Hiyo "sawa" mpaka leo sijui ina maana gani.

Sasa tuna kazi ya kikundi na wamenichagua mimi kuwa mwandishi, kwa kuwa wanasema naandika vizuri. Mmoja wetu alichukua rasimu yangu ya .odt, fomati ya kawaida ya LibreOffice, akabadilisha mwisho wa jina ukawa .docx, akamtumia mwalimu aione mapema. Mwalimu akajibu kwamba anaambiwa faili lina hitilafu. Wenzangu wakaniandikia: "Dada, tafuta kompyuta ya watu." Wengine wakaweka vicheko.

Kijana mmoja tunayesoma naye amejitolea kunipigia Windows na kuniwekea Word kutoka kwenye flashi yake, bure, eti leseni haihitajiki kwa sababu imeshavunjwa. Anasema ni kazi ndogo. Kaka aliposikia alinyamaza kwanza, kisha akasema .docx ni kufuli la kampuni, na nikikubali nitakuwa nimetupa kila alichonifundisha. Mwingine ananiambia nitume PDF, mwalimu atajua mwenyewe. Naogopa ataona namkaidi.

Je, nimwambie mwalimu ukweli? Ni mdogo kwangu kwa umri, na naona aibu kumweleza kwamba sina programu ambayo darasa zima linayo. Nikinyamaza nitaendelea kukatwa alama. Nikiikubali ile flashi nitamuumiza kaka. Nishauri, Shangazi, ila usitaje ninasoma nini.

Mama wa Darasa la Jioni

N.B. Kuna aliyeniambia nihifadhi katika .doc ile ya zamani, eti inafunguka kila mahali. Ni kweli?

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kurudi darasani. Nimekusikia. Unafanya kazi yako kwa bidii, inatoka mikononi mwako ikiwa nzuri, inafika kwa mwalimu ikiwa imevunjika, na kila anayejaribu kukusaidia anakuachia tatizo jipya. Katikati ya yote hayo kuna kaka aliyekufundisha kwa upendo, na kuna mwalimu ambaye hadi sasa hajui kilicho nyuma ya faili analolifungua.

Naomba nianze na faili, maana naona umeshajihukumu, na LibreOffice umeihukumu pamoja nawe. Hati ya .docx haibebi picha ya kurasa zako. Ni mafaili madogo kadhaa yaliyofungwa pamoja kwa zip. Ukitaka kuamini, chukua nakala ya kazi yako moja, badilisha mwisho wa jina lake uwe .zip, uifungue. Utakuta folda iitwayo word, na ndani yake faili la document.xml, ambamo maneno yako yote yamezungukwa na maagizo: hiki ni kichwa, hizi ni herufi nzito, hapa pana jedwali la safu kadhaa. Mstari ukatike wapi na ukurasa uishie wapi, hayo kwa sehemu kubwa hayamo. Kila programu inayaamua upya pale inapofungua hati, kwa kutumia fonti zilizomo kwenye kompyuta hiyo. Ni kama kumpa fundi cherehani vipimo bila kitambaa: mafundi wawili wakishona kwa vipimo vilevile, kila mmoja na kitambaa chake, nguo hazitalingana.

Sasa rudi kwenye Calibri yako. Hiyo ni fonti ya Microsoft, na Linux kwa kawaida haiji nayo. Ulipoichagua, jina liliandikwa kwenye hati, lakini kwenye skrini yako ulikuwa unaona fonti nyingine iliyokaa badala yake. Kama kompyuta yako ina fonti iitwayo Carlito, hakuna neno, kwa sababu ilichorwa makusudi ili kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri. Kama haina, LibreOffice huchukua nyingine yoyote, yenye upana wake. Mwalimu alipofungua, Calibri halisi ikarudi na hesabu ya mistari ikabadilika. Kurasa nane kamili hazina nafasi ya kupokea hata mstari mmoja wa ziada, na hivyo ndivyo ukurasa wa tisa unavyozaliwa. Mwombe kaka aangalie kama Carlito ipo. Ni ya bure na kuiweka ni jambo dogo. Akiwa hapo hapo aangalie na fonti za Liberation, maana Liberation Serif ina upana wa Times New Roman na Liberation Sans ina upana wa Arial.

Jedwali nalo lina hadithi yake, na hapa mkosaji ni ile fremu. Fremu za LibreOffice na visanduku vya maandishi vya Word havifanani sana, na kinachosafiri kati yao mara nyingi hufika kimepotoka. Jedwali lililokaa moja kwa moja kwenye mtiririko wa maandishi, bila fremu, bila seli zilizounganishwa ovyo, husafiri vizuri zaidi. Picha nazo zitie nanga kama herufi, ili zikae ndani ya mstari. Namba za vichwa zitoke kwenye mitindo ya vichwa ya programu, usiziandike kwa mkono wala kuzisogeza kwa vitufe vya nafasi. Ukitaka ukurasa mpya, bonyeza Ctrl pamoja na Enter badala ya kushuka kwa mistari mitupu. Kazi iliyopangwa hivi haitakuwa na urembo wa ile yako ya kwanza, najua, na pengine utaona unanyimwa kitu ulichokuwa unakifanya kwa ufundi. Hilo silichukulii kirahisi. Lakini msomaji wako yuko kwenye programu nyingine, na urembo unaotegemea programu moja hamfikii.

Kuhusu yule aliyebadilisha jina la faili, msimchome sana. Watu wengi huamini hivyo. Nimekuambia ubadilishe jina liwe .zip na litafunguka, kwa sababu kweli ni zip. Lakini .odt hata ukiiita .docx, ndani yake maneno yamo katika faili liitwalo content.xml, na Word iliyoambiwa hii ni .docx inakwenda kutafuta folda ya word isiyokuwepo. Jina halibadilishi kilichomo. Kubadilisha fomati ni lazima uende "Hifadhi kama" na kuchagua aina ya faili, basi. Pia kompyuta nyingi zenye Windows huficha herufi za mwisho wa jina, kwa hiyo mtu anaweza kukuapia kwamba ametuma .docx na kumbe hajaiona wala haijui. Kwenye kikundi, kubalianeni mtu mmoja tu ndiye wa kuhifadhi nakala ya mwisho na kuituma.

Haya, tuje kwenye njia zilizo mbele yako, na nitakuambia ninavyoziona bila kukusukuma.

PDF kwanza, kwa kuwa umeiogopa kuliko inavyostahili. Ilitoka kwa Adobe mwaka 1993 kwa ajili ya shida kama yako, hati ionekane vilevile kila inapofunguliwa, na tangu 2008 ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango. LibreOffice inaitoa yenyewe, na fonti huingizwa ndani. Ungetuma PDF ya kazi ile, kurasa zingebaki nane. Umeniambia mwalimu anaandika maoni pembeni, na watu hudhani PDF haipokei maoni. Inapokea, hata programu ya bure ya Adobe ya kusomea inaruhusu. Ila kama amezoea kurekebisha sentensi humohumo, mabadiliko yake yakionekana kwa rangi, PDF itamfunga mikono. Na mwongozo umesema .docx. Kutuma PDF peke yake kimyakimya ni kumwachia akisie nia yako, na wewe mwenyewe umeshaona anavyokisia.

Kuna wanaotuma vyote viwili katika barua pepe moja: .docx ya kusahihishia, na PDF ya kuonyesha mwandishi aliipangaje. Napenda njia hii, sikufichi. Hatari yake ni kwamba asiyejua sababu ataona mafaili mawili ya kazi ileile na kukereka, au atafungua moja tu. Mstari mmoja kwenye barua pepe unamaliza hilo, lakini huo mstari ndio unaokuogopesha.

Njia nyingine ni kuangalia kazi yako kwa macho ya mwalimu kabla hujaituma. Microsoft ina Word ya kwenye kivinjari ambayo mtu huitumia bila kulipia akifungua akaunti, na inafanya kazi hata kwenye Linux. Pakia .docx yako hapo, ifungue, uone jedwali limekaaje na kurasa ni ngapi. Si Word kamili, ila itakuonyesha makosa makubwa mapema. Google Docs pia inafungua .docx na .odt, na inakuruhusu kupakua kwa fomati zote mbili, lakini nayo ina hesabu zake za kurasa, kwa hiyo usiitumie kupima ukomo wa nane. Zote zinahitaji intaneti, na kazi yako inakaa kwenye kompyuta za watu wengine. Kwa kazi ya darasa pengine si neno. Kwa kazi yenye siri za watu ningefikiri mara mbili. Uliza vilevile ofisi ya TEHAMA hapo unaposoma kama kuna mkataba unaowapa wanafunzi Office, kifurushi cha Microsoft chenye Word, bure. Shule na vyuo vingi vinao na wanafunzi hawaambiwi.

Sasa yule kijana wa flashi. Nadhani ana moyo mzuri, na simsemi vibaya. Lakini "bure" yake nina maswali nayo. Word haikai juu ya Linux hivihivi, ndiyo maana ameanza na kukupigia Windows. Maana yake disku inafutwa, na rasimu zako zote pamoja nayo usipozitoa kwanza. Kompyuta yako ni ya zamani. Windows 11 inadai kichakata cha miaka ya karibuni na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na Windows 10 ilifikia mwisho wa kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Utabaki na ipi, na itakwendaje kwenye mashine ambayo kaka yako alilazimika kuifuta ili ipumue? Halafu programu iliyovunjwa imeshafunguliwa na mkono wa mtu usiyemjua. Si kila moja ina virusi, lakini huna namna ya kujua hii imo kundi gani. Na kisheria si mali yako. Wapo wanaoishi nayo miaka bila kupatwa na lolote, sitakudanganya. Wewe ndiye unayejua ni hatari kiasi gani unaweza kuibeba katikati ya masomo.

Kaka yako naye ana hoja, ingawa ameisema kwa ukali. Hofu ya hati zetu kufungwa ndani ya programu ya kampuni moja ni ya kweli, na ndiyo iliyozaa fomati ya .odt: OASIS, muungano unaotunga viwango vya wazi, iliipitisha mwaka 2005 na ISO mwaka 2006. Ila .docx ya leo si siri ya kampuni kama zilivyokuwa fomati za zamani. Ilichapishwa kama kiwango cha Ecma, shirika jingine la viwango, mwaka 2006, kisha ISO ikaipitisha mwaka 2008, baada ya mabishano makali. LibreOffice inaisoma na kuiandika kwa sababu maelezo yake yapo wazi. Upande wa pili, Word imekuwa ikifungua .odt tangu sasisho la Office 2007 lililotoka 2009. Hawa wawili wanasikilizana zaidi kuliko wapenzi wao wanavyodai. Kwa hiyo najiuliza kama kweli umesimama kati ya kaka na mwalimu. Inawezekana ukaendelea kuandika kwenye LibreOffice aliyokufundisha, ukabaki na .odt yako kama nakala mama, na .docx ikawa ile unayoitoa mwishoni kwa ajili ya mwalimu. Wengine hupendelea kuandika kwenye .docx tangu mstari wa kwanza, ili wasije wakaweka pambo lisilovuka. Pale LibreOffice inapokuuliza kama ubaki na .docx au uende .odt, haikutishii, inakukumbusha tu kwamba baadhi ya vitu huenda visihifadhiwe. Jaribu zote, uone ipi inakukalia.

Mwanangu, kuna jambo ambalo uliliandika kwa kupita na mimi limenishika kuliko jedwali: lile jina la mwandishi. Mwenzako alipobandika maandishi yako kwenye hati mpya ya kwake, Word iliandika jina lake kwenye sifa za faili, kama inavyofanya kwa yeyote. Jina hilo halithibitishi nani ametunga. Linaonyesha tu hati ilianzishwa kwenye programu ya nani. Lakini kwa mwalimu anayesahihisha rundo la kazi, linaweza kuonekana vingine, na ile "sawa" yake inaweza kuwa imekwisha au inaweza kuwa imebaki na alama ya kuuliza. Sijui, na wewe hujui. Kwenye LibreOffice, ingia kwenye machaguo ya programu, sehemu ya taarifa za mtumiaji, uandike jina lako ili hati zako zibebe jina lako. Na zile rasimu za .odt, pamoja na tarehe zake, zitunze. Akiuliza tena, utakuwa na cha kumwonyesha.

Hapo ndipo ninapotaka nikuulize kwa upole: unaogopa mwalimu ajue nini hasa? Umesema darasa zima lina Word. Umejuaje? Huyo kijana mwenye flashi iliyovunjwa ni wa darasa lenu hilohilo. Na "Mjali msomaji wako" uliyapokea kama dharau, lakini aliyeyaandika alikuwa anatazama jedwali lililopanda juu ya aya, bila habari yoyote ya namna lilivyofika pale. Unayeona amekudharau ni mtu aliyeona kazi ambayo wewe hukuiandika vile. Inawezekana kweli ni mkali, wapo. Inawezekana pia aliandika .docx kwenye mwongozo kwa kuwa ndiyo inayofunguka kwake, bila kufikiria zaidi ya hapo.

Ukiamua kumwambia, huna haja ya kutaja fedha hata kidogo. Programu unayotumia si ungamo. Unaweza kuandika hivi: "Mwalimu, habari za leo. Naandikia LibreOffice na kuhifadhi .docx. Nimegundua jedwali na idadi ya kurasa hubadilika hati inapofunguliwa kwenye Word. Je, ungependa nikutumie PDF pamoja na .docx ili uone mpangilio niliokusudia? Na ukomo wa kurasa utaupima kwenye ipi?" Hayo ni maswali ya mwanafunzi anayejali kazi yake, na yanajibika kwa mstari mmoja. Yatume kabla ya kazi ijayo, sio siku ya kukabidhi na wala sio juu ya kazi iliyokwisha kukatwa alama. Za nyuma, ukitaka, unaweza kumpelekea PDF ya kazi ile na kumwomba aitazame tena, ila ujue anaweza kukataa, na ombi la alama huenda likaifunika habari uliyotaka aipate.

Ukiamua kutomwambia, bado una njia: fonti sahihi, jedwali lisilo na fremu, kazi inayoishia kurasa saba na nusu ili iwe na pa kupumulia, na kuikagua kwenye Word ya kivinjari kabla ya kutuma. Zinaweza kukutosha. Utabaki tu na wasiwasi kila unapobonyeza kitufe cha kutuma, na siku hati ikipotoka tena utakuwa unaeleza baada ya tukio badala ya kabla.

Kwa kikundi, kwa kuwa wewe ndiye mwandishi, waulize leo kila mmoja anatumia programu gani, na wajibu wote. Huenda ukashangaa ni wangapi wanaandikia kwenye simu.

Na kuhusu N.B. yako: .doc ilikuwa fomati ya Word ya miaka ya 97 hadi 2003, kabla ya .docx kuingia na Office 2007. Ni kweli bado inafunguka karibu kila mahali, na kama mwalimu angekuwa na kompyuta ya enzi hizo ingekuwa na maana. Lakini haitakutibia tatizo la fonti wala la fremu, na mwongozo wenu umetaja .docx. Iache mpaka mtu akuombe.

Wako,
Shangazi